Taarifa si kibali

Juzi kijana mmoja wa chama cha siasa, sikitaji, alinionyesha barua aliyokuwa anaipeleka kwa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya. Juu imeandikwa kwa herufi kubwa: YAH: KUOMBA KIBALI CHA MKUTANO WA HADHARA. Nikamwomba kalamu.

Uhuru wa kukutana ni haki ya watu kukusanyika kwa amani, kusema yao na kuunda vyama. Upo kwenye Ibara ya 20 ya Katiba ya Tanzania. Hapo sina ugomvi na mtu. Ugomvi wangu ni na hilo neno kibali.

Kibali ni ndugu wa kubali, mzizi mmoja wa Kiarabu: huyu anaomba, yule anaridhia. Ndiyo maana Ruthu kwenye Biblia anashangaa kupata kibali machoni pa Boazi, kwani ile ilikuwa hisani. Taarifa ni ya ukoo mwingine, ukoo wa arifu, maarifa na maarufu. Anayepewa taarifa anajulishwa tu, haombwi kitu.

Wala si mambo ya kamusi tu. Haki hizi ziliingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, lakini sheria ya polisi iliyorithiwa kwa mkoloni ikabaki inadai kibali, hata baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992. Mchungaji Christopher Mtikila akaenda Mahakama Kuu, Dodoma, na mwaka 1994 Jaji Lugakingira akaamua kwamba sharti hilo linapingana na Katiba. Sheria ya sasa ya Jeshi la Polisi, kifungu cha 43, inataka taarifa ya maandishi saa 48 kabla. Polisi bado anaweza kuuzuia mkutano, ila kwa sababu zilizotajwa na sheria, na wa kuzitoa ni yeye.

Tofauti inaonekana ofisi ikikaa kimya. Uliyeomba kibali, usipojibiwa huna mkutano. Uliyetoa taarifa, usipojibiwa unao.

Hata Januari 2023, zuio la mikutano ya hadhara la tangu 2016 lilipoondolewa, vijiweni tulisema "mikutano imeruhusiwa". Nami nilisema hivyo hivyo, mdomo umezoea.

Basi, mdogo wangu, pale juu weka YAH: TAARIFA YA MKUTANO WA HADHARA. Chini taja mahali, saa na madhumuni. Na usitoke pale mapokezi kabla nakala yako haijagongwa muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe.