"Si Utarekebisha Kwenye Kompyuta?"

Jumamosi iliyopita kaingia binti studio, hapa Mwanjelwa, Mbeya, kaniamkia shikamoo, kanipa flashi diski. Ndani yake kuna picha moja tu. Ni yangu mwenyewe, niliipiga mwaka 2010 kule Tukuyu, nje ya kanisa, siku aliyopata kipaimara. Sasa anaolewa, na anataka picha hiyo ikae kubwa ukumbini siku ya sendofu. Uso wake umetoka vizuri. Gauni ndilo tatizo: jeupe tupu, halina mkunjo, halina mshono, kama shuka iliyoanikwa juani. Na gauni lile bibi yake alilidarizi maua kwa mkono, uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe. Bibi hayupo tena.

"Maua hayaonekani, mzee. Si utarekebisha kwenye kompyuta?"

Sentensi hiyo naisikia kila wiki. Naisikia kwa maharusi, kwa makatibu wa kamati, kwa walimu wanaoleta picha za mahafali. Hao siwalaumu, kazi hii si yao. Inayonikera ni ile ninayoisikia kwa wapiga picha wenzangu, tena wakongwe, watu waliofungua na kufunga mkanda miaka ishirini, wakahamia dijitali wakiwa na mvi kama mimi, wakaja na imani kwamba kompyuta imechukua nafasi ya chumba cha giza, kile cha kusafishia picha, na inafanya kila kitu ambacho chumba cha giza kilifanya, na zaidi. Hapana. Kuna jambo moja ambalo mkanda ulikusamehe na dijitali haikusamehi kabisa, na ndilo hilo lililokula maua ya bibi.

Nilianza na mkanda mwaka 1984. Tulifundishwa jambo moja na mafundi waliotutangulia: ukiwa na shaka, ongeza mwanga. Mkanda wa rangi wa 400 (namba ya wepesi wake wa kushika mwanga) tuliupiga kama wa 200, yaani tuliupa mwanga mara mbili, na hakuna aliyejuta. Negativu, yaani mkanda uliosafishwa, ikiwa imenyimwa mwanga ilirudi kutoka maabara nyepesi kama maji, na picha yake ilikuwa na kijivu cha matope palipotakiwa kuwa na weusi. Iliyoshiba mwanga kupita kiasi ilirudi nzito, fundi wa maabara akaipa muda zaidi kwenye mashine, picha ikatoka. Stopu mbili juu, tatu juu (kila stopu ni mwanga mara mbili ya ile ya chini yake), mteja hakujua.

Kwa watu wa huku nimepata mfano unaoeleweka. Negativu ni gunia la viazi la lumbesa. Limejaa, lakini unaongeza. Unafuma kamba juu, unaongeza tena. Kila unavyoongeza linapokea kidogo kidogo kuliko mwanzo, lakini linapokea, na ukilifungua viazi vya juu bado vipo. Kihisi cha kamera ya dijitali, kile kinachopokea mwanga badala ya mkanda, ni debe. Kikifika ukingoni, kimefika. Ukimimina bakuli moja zaidi au gunia zima zaidi, debe linaonekana lilelile, na ukilitazama baadaye huwezi kujua kilichomwagika kilikuwa kiasi gani.

Kwenye faili ya JPEG, ile picha ya kawaida ambayo kamera imeshaikamilisha yenyewe, ukingo huo una namba: 255. Kila nukta ina namba tatu, ya wekundu, ya kijani na ya samawati, kuanzia 0 hadi 255. Ua lililodariziwa linaonekana kwa sababu uzi unarudisha mwanga tofauti kidogo na kitambaa, tuseme uzi uwe 246 na kitambaa 238. Mwanga ukizidi, vyote viwili vinasoma 255. Uzi ni 255, kitambaa ni 255, kivuli kidogo cha mkunjo ni 255. Kompyuta inaweza kuishusha 255 hadi 230, gauni likawa la kijivu lote kwa pamoja. Maua hayatatoka, maana hakuna tofauti iliyoandikwa popote.

Enzi za mkanda, tukisema picha zimeungua, mara nyingi ilikuwa mtu kafungua mgongo wa kamera kabla ya kurudisha mkanda. Neno hilo sasa nalitumia kwa weupe wa dijitali, na naona linakaa vizuri zaidi huku kuliko lilivyokaa kule. Kilichoungua ni majivu.

Nieleze siku ile ilivyokuwa, kwa sababu kosa langu lilikuwa la mtu wa mkanda hasa. Nilikuwa na Nikon D90 niliyoinunua mwaka uliotangulia, nikiwa na miaka 51. Lenzi yangu ya milimita 50 ya zamani, ile ya kuzungushwa kwa mkono, iliingia kwenye mdomo wa D90 bila shida, nikafurahi. Lakini D90 haipimi mwanga ukiifunga lenzi ya aina hiyo; kipimo kinazima kabisa. Kihisi chake nacho ni kidogo kuliko fremu ya mkanda, kwa hiyo milimita 50 ikaona kama 75, nikalazimika kurudi nyuma hadi kwenye ua wa michongoma. Hilo la kipimo halikunitisha. Nilipima kwa macho miaka yote. Jua kali la kiangazi, anga safi, ISO 200 (wepesi wa kihisi), shata 1/200 ya sekunde, f/16 (tundu dogo la lenzi): hiyo ni kanuni ya zamani na haijawahi kunidanganya. Kisha nikafanya nilichofanya siku zote kwa watu wenye ngozi kama yetu wakiwa wamesimama juani: nikafungua tundu la lenzi stopu mbili, hadi f/8, ili nyuso zipate uhai.

Nikaangalia kioo cha nyuma. Kwenye jua la mchana la Tukuyu kioo kile kilionekana cheusi, picha zikaonekana za kawaida, tena nzuri. Nikaendelea. Nilipiga JPEG, sikupiga RAW, ile faili ghafi ya kihisi ambayo ni kubwa zaidi, maana kadi ilikuwa ya GB 4 na nilitaka nafasi. Usiku nyumbani, kwenye kompyuta, magauni ya wasichana wote yalikuwa shuka.

Wazazi wengi hawakulalamika, nyuso zilikuwa zimetoka. Mimi sikulala.

Binti alipouliza swali lake Jumamosi nilikumbuka kitu. Siku ile sikuiamini sana mashine mpya, hivyo FM2 yangu, kamera ya mkanda, ilikuwa shingoni na mkanda wa 200 ndani. Picha ya pamoja nilipiga pia kwa FM2, 1/250 kwa f/8, karibu mwanga uleule nilioipa D90. Nikashusha bati la biskuti ninaloweka negativu. Nikamtafuta, nikamkuta mstari wa pili, ukingoni kushoto. Kwenye negativu gauni lilikuwa zito, jeusi kama lami, ndivyo weupe unavyokuwa pale. Nikaiweka kwenye skana, nikalazimisha mwanga upite. Kola ikatoka, na bega moja. Maua yakatoka yanahesabika: sita kwenye kola, na kamba ya majani inashuka begani hadi pale anapofunikwa na mwenzake wa mbele.

Jua moja, saa moja, mkono mmoja, kosa moja la stopu mbili. Lumbesa na debe. Ningekuwa na uwezo ningeibandika negativu hiyo ukutani kwa kila studio ya Mbeya na Iringa.

Aliniuliza pia kama hizi programu mpya zinazochora zenyewe haziwezi kumwekea maua kwenye ile picha nyingine. Zinaweza. Zitaweka maua mazuri sana. Yatakuwa maua ya nani?

Sasa, neno "kurekebisha". Watu wanalitumia kwa mambo ambayo hayana undugu. Rangi ya mwanga, kwa mfano, inarekebishika kama ulipiga RAW. Huku kwetu juu, kivulini chini ya anga safi, mwanga unakuwa wa samawati na ngozi inageuka majivu. Mtu anaonekana kama ametoka mtoni asubuhi ya Julai. Ukiwa na RAW unaipasha joto baadaye bila hasara yoyote ya maana. Giza nalo linarekebishika, kwa kiasi, nitalirudia. Picha iliyotikisika, picha ambayo fokasi imekamata ukuta badala ya jicho, na weupe ulioungua: hivyo acha. Na nikisema RAW simaanishi kwamba RAW haiungui. Ina nafasi kidogo zaidi ya JPEG pale juu, kisha inafika ukingoni vilevile.

Kuna wenzangu wanaosoma haya na kusema: basi turudi kwenye mkanda, ndio ulikuwa na rangi halisi. Jamani. Rangi halisi ipi? Kodak walikuwa wakizipa maabara kadi za kupimia rangi, na miaka mingi aliyekuwa kwenye kadi alikuwa mwanamke mzungu, waliyemwita Shirley. Mashine ikinyooshwa hadi Shirley atoke vizuri, sisi tulitoka tulivyotoka. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja kwenye miaka ya 1990. Picha zetu nyingi za zamani zilizo nzuri, ngozi inang'aa kama ilivyo, ziliokolewa na fundi fulani wa maabara aliyekuwa na jicho, akageuza vitufe kwa mkono picha moja baada ya nyingine. Tunausifia mkanda kwa kazi ya mtu huyo. Wala sisemi mkanda ulikuwa mbaya. Chumba changu cha giza cha nyeusi-na-nyeupe nilikipenda, hata asubuhi za Juni pale maji ya bomba yalipokuwa ya barafu na nikachemsha birika ili dawa ifike nyuzi 20.

Upande wa pili wapo vijana. Kijana anayejifunza kwangu ameshika somo la kuungua kwa mikono miwili. Amewasha ile alama inayomwekamweka penye weupe uliozidi, na kila akiiona inamweka anapunguza mwanga, anapunguza tena, hadi inyamaze. Gauni linatoka na kila uzi. Uso wa bibi harusi unatoka kama uko ndani ya pango. Halafu ananiambia, "Mzee, nitaunyanyua kwenye kompyuta."

Hapa nataka tutulie, kwa sababu ndipo vitabu vingi vinapopita haraka, na mara nyingi vimeandikwa na watu ambao uso na gauni havitofautiani sana. Kihisi hakigawi nafasi sawasawa. Faili ya RAW ya biti 12 ina ngazi 4,096 za mwanga, kutoka giza hadi weupe. Stopu ya juu kabisa, ile ya weupe, inachukua nusu nzima: 2,048. Inayofuata chini yake 1,024, kisha 512, kisha 256. Ngozi nyeusi kando ya gauni jeupe, kwenye jua lilelile, iko stopu tatu au nne chini ya gauni. Kwa hiyo uso wa bibi harusi, mtu ambaye watu wote wamekuja kumwona, umepewa ngazi kama 256. Kijana akipunguza stopu mbili zaidi, uso unabaki na 64. Akiunyanyua kwenye kompyuta ananyanyua hizo 64, pamoja na chenga zote zilizolala gizani. Mashavu yanapata madoa, weusi wenye wekundu ndani yake unakuwa wa kahawia mfu. Debe halijamwagika, kweli, lakini uso umekwangua chini ya debe.

Dawa ninayoiamini ni kupunguza umbali kati ya gauni na uso kabla ya kugusa kamera. Watoe juani. Ukuta uliopakwa chokaa na wenye jua mbele yake ni taa ya bure, unaurudisha mwanga usoni. Kitambaa cheupe kikubwa kilichoshikwa na wasimamizi wawili kinasaidia. Flashi mchana, kidogo tu, stopu moja na nusu chini ya mwanga wa jua. Kuhusu ukungu unaoota ndani ya lenzi kwa unyevu wa Tukuyu na diski zinazokufa na harusi za watu ndani, nitaandika siku nyingine, nina mengi.

Ila kuna siku ukuta haupo, kivuli hakipo, mchungaji ana haraka, na wasichana thelathini wako juani saa saba. Lazima uchague. Miaka mingi nilichagua uso bila kusita, nikaacha bega la gauni liungue kidogo, na bado naona nilikuwa sahihi mara nyingi. Siwezi kusema tena kwamba ni mara zote. Na ile histogramu ya nyuma ya kamera, mchoro unaoonyesha giza na weupe wa picha, haikuchagulii. Hata ukipiga RAW inachorwa kutokana na JPEG, kwa hiyo inapiga kelele mapema kuliko inavyostahili. Mapema kwa kiasi gani, inategemea kamera na rangi ya kitambaa. Nakisia, hata leo.

Kwa hiyo siku hizi kabla sijafungua begi namsogelea mama wa mtoto, nasalimia, kisha namuuliza: gauni hili kashona nani? Akisema kanunua hapo sokoni, naenda na uso. Akisema kashona shangazi, au bibi, napiga mara mbili, moja ya uso na moja ya gauni, na kijana wangu anakunja sura kwa sababu atakaa usiku akiziunganisha.

Kola nimeichapa kwa inchi kumi na mbili. Binti anakuja kuichukua Alhamisi.