Magurudumu manne hayazuii kupinduka
Anayepanda Yamaha Raptor 700, ile pikipiki ya magurudumu manne, kwa mara ya kwanza hudhani haiwezi kupinduka. Inapinduka. Ekseli yake ya nyuma haina difu (gia zinazoruhusu tairi la kushoto na la kulia kupishana kasi), kwa hiyo matairi yote mawili ya nyuma huzunguka kwa kasi ileile hata kwenye kona. Ukikaa wima kama abiria wa daladala, inagoma kukata. Ukilazimisha usukani penye lami, tairi la ndani linanyanyuka. Hamisha makalio upande wa ndani wa kona, kandamiza mguu wa nje, kisha sukuma mafuta kidogo kwa dole gumba (ndiyo, hapa hakuna kuzungusha mkono). Mchangani nyuma itateleza, na ule utelezi unaokutia hofu ndio unaoigeuza.