Mji Mkongwe haukuishia zamani

Dhana: Uzuri wa Mji Mkongwe wa Zanzibar ulikuwa enzi hizo. Sasa yamebaki magofu.

Ukweli: Kauli hii naisikia barazani karibu kila jioni, na hunisikitisha, maana anayeisema mara nyingi ameupa mgongo ukuta wa chokaa uliogeuka rangi ya chungwa kwa jua la alasiri. Tumepoteza mengi, sikatai. Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake Desemba 2020, na uchungu wake bado tunao. Lakini teremka Forodhani kabla ya magharibi. Utawakuta vijana wakijitosa baharini kutoka ukutani, mmoja baada ya mwingine. Kuna anayekimbia, akaruka, akajikunja angani, kisha akanyooka kabla hajagusa maji. Wenzake wanashangilia. Jambo hilo linatokea leo, na kesho halitajirudia vilevile.

Dhana: Zamani kila kitu kilikuwa kizuri.

Ukweli: Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873 tu. Kipindupindu cha 1869 na 1870 kiliua maelfu ya watu. David Livingstone, aliyefika hapa mwaka 1866, alilalamikia uvundo wa ufukweni. Wazee waliotusimulia raha hawakutudanganya. Walituhifadhia yaliyowapendeza, nasi tukadhani ndiyo yote.

Dhana: Milango mizuri ni ile ya kale, na mafundi wake wamekwisha.

Ukweli: Mafundi wapo, na patasi zao zinasikika. Hata huo mlango wa kale tunaupita tukiwa na swali moja tu, una miaka mingapi, au tunarudia kisa cha njumu, zile shaba zenye ncha zilizopigiliwa mlangoni, kwamba ni za kuzuia tembo wasiubomoe, ilhali hapa kwetu njumu ni pambo. Simama kidogo. Tazama mfaa, ule mti wa katikati, na maua yaliyochongwa toka juu hadi chini. Fuata mnyororo unaozunguka fremu, pete kwa pete, mpaka ufike mahali fundi alipobana pete moja ili zimtoshe kwenye kona. Halafu angalia njumu zilizo usawa wa kiuno: zinang'aa kuliko za juu, kwa sababu watoto wa nyumba hiyo huzishika kila wanapoingia.