Kihmong na Kibodo: kwa nini matini zenu linganishi zinarudishwa

Malalamiko yameongezeka kutoka kwa wanafunzi wa isimu na wanaojitolea kuleta matini kwenye hifadhi yetu, hasa wanaolinganisha Kihmong na Kibodo. Wanasema faili zao zinarudishwa bila maelezo. Maelezo ndiyo haya. Nia njema ya kila anayewasilisha hatuitilii shaka. Faili ndizo zenye kasoro.

Kwanza, lugha hizi si ndugu. Kibodo kina makao yake Assam, kaskazini-mashariki mwa India, na ni cha tawi la Tibeto-Burma katika familia ya Sino-Tibeti, karibu na Kigaro na Kikokborok. Kihmong ni cha familia ya Hmong-Mien. Kinasemwa kusini mwa China, Vietnam, Laos na Thailand, na baada ya vita vya Laos kwisha mwaka 1975 kimepata wasemaji wengi Minnesota, California na Wisconsin nchini Marekani. Uainishaji uliozoeleka China huiingiza Hmong-Mien ndani ya Sino-Tibeti, na ramani nyingi za zamani zimefuata hivyo. Anayetaka kuufuata ataje kuwa anafuata mtazamo huo. Kunakili ramani tu hakutoshi.

Ushahidi tunaoletewa kila mara ni namba. Tisa ni *cuaj* kwa Kihmong na *gu* kwa Kibodo, basi mtu anatangaza undugu. Wanaisimu wengi huona kwamba namba 4 hadi 9 za Hmong-Mien zilikopwa zamani sana kutoka lugha za Tibeto-Burma. Kiswahili nacho kilichukua sita, saba na tisa kutoka Kiarabu, na hakikugeuka lugha ya Kisemiti.

Sasa toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadili maana ya neno, ambako ndiko faili nyingi hufia. Katika maandishi ya herufi za Kirumi yaliyoundwa Laos mwanzoni mwa miaka ya 1950, toni ya Kihmong huandikwa kwa konsonanti mwishoni mwa silabi, na konsonanti hiyo haitamkwi. *b* ni toni ya juu, *j* ya juu inayoshuka, *v* inayopanda, *s* ya chini, *g* yenye pumzi, *m* ya chini inayokatika kooni, na *d* ya chini inayopanda, ambayo kwa kawaida huhesabiwa kuwa sura nyingine ya *m*. Silabi isiyo na herufi ya mwisho ina toni ya kati. Kwa hiyo *pob* ni donge, *poj* ni jike, *pov* ni kurusha, *pos* ni mwiba, *pog* ni bibi mzaa baba, na *pom* ni kuona. Kuna watu "wanaosafisha" matini kwa kuondoa herufi hizo kwa sababu hawazisikii. Maneno hayo sita yote yanabaki *po*, na hakuna programu itakayoyarudisha. Msisafishe. Vokali mbili zinazofuatana, kama katika *Hmoob*, nazo si kosa la chapa: zinaonyesha kwamba silabi inaishia puani.

Kibodo kina toni mbili tu, na maandishi yake hayazionyeshi kwa ukamilifu huo. Kasoro ya Kibodo iko kwingine. Tangu 1975 huandikwa kwa Devanagari, maandishi yanayotumiwa pia kwa Kihindi. Kabla ya hapo kiliandikwa kwa herufi za Kiassam na za Kirumi, na madai ya herufi za Kirumi yalizua mapambano makali mwaka 1974 na 1975. Ndani ya Devanagari hiyo kuna alama ndogo ya juu iitwayo *gojau kamaa*. Katika Yunikodi, mfumo wa kimataifa unaoipa kila herufi namba yake kwenye kompyuta, nafasi yake ni U+02BC, ambayo kompyuta huihesabu kuwa herufi. Wengi huchapa U+2019, alama ya kufunga nukuu. Kwa macho zinafanana kabisa, lakini kompyuta huichukua ya pili kama alama ya uandishi, hivyo neno linakatika katikati na utafutaji hauoni kitu. Kagueni kibodi zenu kabla ya kuchapa Kibodo, si baada ya kurasa mia mbili.

Kwenye sarufi tunarudisha faili chache, kwa hiyo nitapita haraka. Nimeshakula wali: Kihmong *Kuv noj mov lawm*, Kibodo *Ang wngkham jabai*. Kihmong hupanga mimi, kula, wali, kisha neno huru *lawm* la jambo lililokwisha. Kibodo huweka kitenzi mwisho, na *-bai* imegandamana na mzizi *ja*. Msomaji wa Kiswahili ataelewa Kibodo upesi hapa, ila viambishi vya nyakati hukaa nyuma ya mzizi: *thangbai*, amekwenda, *thanggwn*, atakwenda. Lugha zote mbili zina viainishi vya kuhesabia, yaani vipashio vinavyoonyesha aina ya kinachohesabiwa. Mbwa wawili ni *ob tug dev* kwa Kihmong, kiainishi *tug* kikisimama peke yake baada ya namba. Kwa Kibodo ni *swima manwi*, *ma-* ya wanyama ikiwa imebandikwa mbele ya namba *nwi*. Mkitenganisha *ma nwi*, mmeharibu hesabu ya maneno.

Misimbo, yaani vifupisho vya herufi tatu vinavyotambulisha lugha. Kibodo ni *brx*. Msimbo *bod* ni wa Kitibeti, na *boy* ni wa Kibodo kingine kabisa cha Jamhuri ya Afrika ya Kati. Orodha ipo, inasomeka, na bado *bod* inaletwa kila wiki. Kwa Kihmong msiishie kwenye *hmn*, ambao ni wa kundi zima: Kihmong Cheupe ni *mww*, na Kihmong cha Kijani ni *hnj*. Kipimo cha haraka ni mbwa: *dev* kwa Cheupe, *dlev* kwa Kijani. Mkikuta zote mbili katika faili moja, ligawanyeni.

Baada ya msimbo wa lugha huja wa maandishi: *brx-Deva*, *brx-Latn*, *brx-Beng* kwa matini za Kibodo zilizoandikwa kwa herufi za Kiassam, *mww-Latn*, na *mww-Hmng* kwa Pahawh, maandishi aliyoyabuni Shong Lue Yang mwaka 1959 na kuingizwa Yunikodi mwaka 2014. Pahawh husomwa kushoto kwenda kulia, ila ndani ya silabi vokali huandikwa kabla ya konsonanti. Msizipange upya ili "zisomeke".

Faili moja yenye msimbo mbaya hurudisha kifurushi kizima, kwa sababu faharasa hujengwa kwa kifurushi. Mnapewa siku 30 kurekebisha kwa namba ileile ya ombi. Zikipita, ombi hufungwa na mnaanza na fomu mpya, tamko la haki za wasemaji likiwa limesainiwa upya. Nakala ya tamko la zamani haipokelewi. Kifurushi kikirudi mara tatu kwa kosa lilelile, mwasilishaji huondolewa ruhusa ya kupakia kwa mkupuo, na atawasilisha faili mojamoja hadi mkaguzi aridhike.