Kucheza na kaka mwenye sindromu ya Down hakumdumazi mdogo

“Mama Asha, usimwache mdogo acheze na kaka yake sana, ataiga achelewe kusema.” Majirani husema hivyo kwa nia njema, ila wamekosea. Sindromu ya Down hutokana na kromosomu ya 21 ya ziada; kromosomu ni nyuzi zinazobeba vinasaba ndani ya seli. Mtu huzaliwa nayo, haiambukizwi wala haiigwi. Asha, huyo mdogo, hujifunza maneno kwa kila anayemsemesha nyumbani. Akiiga ishara za mikono za kaka yake, hazitamzuia kusema.

Kuna siku atampita kakaye kufunga vifungo, aulize kwa nini. Ajibiwe tu, kwa maneno mepesi.

Wivu? Upo, kama nyumba yoyote. Lakini mwaka 2011 watafiti wa Marekani walichapisha majibu ya ndugu 822 wa watu wenye sindromu ya Down: waliokiri kumwonea haya ndugu yao hawakufika asilimia 10.