"Dawa ni ileile tu"? Si kila mara

Wafugaji wengi wa mbwa na paka huamini kwamba jina la dawa likifanana, duka lolote la dawa za binadamu linafaa. Kuna ukweli kidogo hapo: madaktari wa mifugo wenyewe huandika dawa za binadamu mara nyingi. Balaa hujificha kwenye viambato vingine. Gabapentini ya maji (dawa ya maumivu na kifafa), kwa mfano, huweza kuwa na zailitoli, kitia-utamu kinachoshusha sukari ya mbwa ghafla na hata kuharibu ini lake. Kapsuli za dawa hiyohiyo kwa kawaida hazina.

Dozi nazo huchanganya. Mbwa mwenye upungufu wa homoni ya tezi ya shingo huhitaji levothairoksini (homoni hiyo iliyotengenezwa kama dawa) nyingi kwa kila kilo ya uzito kuliko mtu, na mfamasia asiyejua anaweza kudhani daktari amekosea, akapunguza.

Kwa hiyo mwambie mfamasia mapema kwamba mgonjwa ni mnyama, na asibadilishe chochote kabla ya kumpigia daktari aliyeandika. Mtandaoni pia kuna maduka halali. Linalouza antibaiotiki bila kudai cheti cha daktari, likimbie, hata likiwa rahisi namna gani.