Kioo kilichopasuka si ushahidi wa jambazi: dhana potofu kuhusu mauaji ya ndani yanayosingiziwa wavamizi

Saa tisa usiku yowe linapigwa Moshono, Arusha, au Pasua kule Moshi. Majirani wanafika na tochi na marungu. Geti liko wazi, kioo cha jikoni kimepasuliwa, kabati la nguo limemwagwa chini, mama mwenye nyumba amelala kwenye damu, na mumewe anasema walikuwa watatu, wamefunika nyuso, wana mapanga. Huenda ni kweli, maana ujambazi wa majumbani upo na umeua watu. Ila yapo mauaji ambayo muuaji alikuwa na ufunguo wa mlango, na uvamizi ukatengenezwa baada ya roho kutoka. Kinachoisaidia hadithi hiyo kusimama ni sisi tunaofika kwanza: tunayoyaamini, na tunayoyafanya kabla polisi hawajafika.

"Mtu hawezi kumfanyia hivyo mwenzake wa ndani"

Anaweza. Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa mwaka 2023 wanawake na wasichana wapatao 51,100 duniani waliuawa na wenza wao au ndugu zao, wastani wa 140 kila siku. Hao ni kama asilimia 60 ya wanawake na wasichana wote waliouawa kwa makusudi mwaka huo. Wanaume nao huuawa na wake zao, ingawa kwa uchache. Kwa hiyo mpelelezi anayemhoji kwanza aliyekuwa ndani hamdharau mfiwa. Anaanzia pale ambapo mlango haukuhitaji kuvunjwa.

"Dirisha limevunjwa, basi waliingia hapo"

Nyumba nyingi za Njiro, Arusha, au mtaa wa Shanty Town, Moshi, zina nondo madirishani. Swali la kwanza ni dogo: nondo zimekatwa, zimepindwa, au ziko vilevile? Kama ziko vilevile, kioo kilichopasuka hakikumpitisha mtu. Kama hakuna nondo, kuna vumbi la kizingiti, utando wa buibui kwenye pembe, na udongo wa nje. Wakati wa masika, mtu aliyeruka ukuta na kukanyaga bustani hawezi kuingia sebuleni bila tope.

Kioo chenyewe kina lugha yake. Vipande vingi huanguka upande ule ambako nguvu ilikuwa inaelekea, ila vichache hurudi nyuma, kwa hiyo chenga mbili tatu nje ya nyumba hazithibitishi kuwa kilipigwa kutoka ndani. Kinachosaidia zaidi ni vipande vilivyobaki kwenye fremu, kwa kuwa mikwaruzo iliyo kwenye kingo zake huonyesha nguvu ilitoka upande gani. Ndiyo maana fundi au jirani mwema anayeving'oa "watoto wasijikate" anaondoa ushahidi bora wa dirisha zima. Angalia pia nini kiko juu ya nini. Kama chenga ziko juu ya nguo zilizomwagwa kutoka kabatini, basi nguo zilimwagwa kwanza na dirisha likavunjwa baadaye. Jambazi gani huvuruga kabati kabla hajaingia?

Hata hivyo, alama moja peke yake haimtii mtu hatiani. Mlango unaweza kuwa uliachwa bila komeo. Mwizi anaweza kukimbia bila kuchukua televisheni kwa sababu mbwa walibweka. Thamani iko kwenye alama nyingi zinazokwenda upande mmoja.

"Tusafishe haraka, wageni wa msiba wanakuja"

Hili ndilo linaloharibu kesi nyingi, na hufanywa kwa upendo. Shangazi anachota maji na Omo, vijana wanatoa godoro nje, madirisha yanafunguliwa harufu itoke, na saa moja asubuhi turubai limeshafungwa mbele ya nyumba. Ushahidi umeingia mtaroni.

Utaratibu unaofaa uko hivi. Uhai kwanza: kama mtu anapumua, mkimbizeni hospitali ya Mount Meru, au Mawenzi na KCMC kwa walio Moshi, na mmoja wenu akumbuke alilala vipi, kichwa upande gani, mlango gani ulikuwa wazi. Pigeni 112 na kuandika saa mliyopiga. Kisha mwenyekiti wa mtaa, au balozi wa nyumba kumi kama ndiye aliye karibu, awatoe watu wote ndani na kuweka wawili getini. Wawili hao wawe na daftari la majina ya kila aliyekwisha kuingia na viatu alivyovaa, kwa sababu mpelelezi atahitaji kuzitenga nyayo za majirani na nyayo za mgeni. Mtu wa lazima apite njia moja tu, kuingia na kutoka.

Turubai na viti viende kwa jirani. Msiba hauna ubaya kuanzia nyumba ya pili.

Mwili usifunikwe kwa kitenge au blanketi la chumba hichohicho, kwani nywele na nyuzi zake zitahamia kwa marehemu na hakuna atakayejua zilifika lini. Panga lisiguswe hata kwa kitambaa. Simu ya marehemu iachwe ilipo. Kama kuna unyayo uani na mvua inakuja, ufunikwe kwa beseni lililogeuzwa, kingo zake zisiuguse. Picha zipigwe kutoka mlangoni, na zisitumwe kwenye makundi ya WhatsApp: ni ukatili kwa watoto wa marehemu, na zinawapa mashahidi wote picha moja ya kichwani, hata isijulikane nani aliona nini kwa macho yake.

Madirisha yabaki kama yalivyokutwa. Hii watu huishangaa, lakini daktari anakadiria muda wa kifo kwa kutazama mwili umepoa kiasi gani ukilinganishwa na joto la chumba. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari na usiku wa Julai ni baridi kali. Ukifungua madirisha saa kumi alfajiri, mwili hupoa upesi kuliko ungepoa chumba kikiwa kimefungwa. Kukakamaa nako huanza baada ya saa mbili hadi nne, hukamilika karibu saa 12, na baridi hukuchelewesha. Damu hutuama upande wa chini wa mwili, na baada ya saa 8 hadi 12 rangi yake huganda hapo. Marehemu aliyekutwa chali huku damu imetuama kifuani aligeuzwa na mtu muda mrefu baada ya kufa, na maelezo kwamba "wametoka sasa hivi" yanaanza kuyumba.

Waliokuwa ndani usiku ule, pamoja na mwenza aliyenusurika, wasioge wala kubadili nguo kabla ya polisi kufika. Nguo yenye damu hukaushwa kivulini na kuwekwa peke yake kwenye bahasha ya karatasi. Mfuko wa plastiki hufungia unyevu, ukungu huota, na vinasaba huoza kabla havijafika kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Kila kielelezo kinapotoka mkono mmoja kwenda mwingine lazima karatasi ionyeshe nani alimpa nani, lini, wapi. Mahakama ya Rufani ilisisitiza mlolongo huo katika rufaa ya jinai namba 110 ya 2007. Panga lililookotwa na kijana wa ulinzi shirikishi, akampa mwenyekiti, likalala stoo hadi asubuhi bila maandishi yoyote, wakili wa utetezi atalishika hapohapo.

"Angalia anavyolia" na "mbona halii?"

Mshtuko hauna sura moja. Kuna mfiwa anayezimia na kuna anayepika chai kwa utulivu wa kutisha, na wote wanaweza kuwa wakweli. Mwaka 1954, huko Ohio, Marekani, daktari Sam Sheppard alisema mvamizi ndiye aliyemuua mkewe. Magazeti yalimhukumu kabla ya mahakama, akafungwa, na mwaka 1966 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitengua hukumu kwa sababu ya kelele zile. Kesi ilipoanza upya akaachiwa huru. Macho ya mtaa si maabara.

Upande wa pili unauma zaidi. Hadithi ya wavamizi inahitaji wavamizi, na wa kwanza kushikwa ni mlinzi, dada wa kazi, au kijana wa bodaboda aliyeonekana jioni. Kwenye shauri la 1980 la mtu aitwaye Waziri Amani, Mahakama ya Rufani iliweka maswali ya kuuliza kabla ya kuamini utambuzi wa usiku: mwanga ulitoka wapi na ulikuwa mkali kiasi gani, umbali ulikuwa hatua ngapi, alimtazama kwa muda gani, alikuwa anamfahamu kabla? Kama mitaa ingeuliza hayo kabla ya kushika mawe, kuna mama zetu wasingezika wana wasio na hatia.

"Hakuna aliyeona, basi hakuna kesi"

Ushahidi wa mazingira unatosha kumtia mtu hatiani kwa mauaji. Kipimo chake ni kikali: kama ilivyosemwa katika shauri la Simon Musoke la 1958, mambo yaliyothibitishwa lazima yasiweze kuelezeka kwa njia nyingine yoyote ya busara isipokuwa mshtakiwa ndiye aliyetenda. Ukali huo ni wa haki, kwa sababu adhabu ya mauaji chini ya kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu ni kunyongwa.

Na vitu hushuhudia. Huko Connecticut, Marekani, Desemba 2015, mume alidai mtu aliyejifunika uso alimpiga risasi mkewe. Kifaa cha kuhesabu hatua alichovaa marehemu kilionyesha alikuwa bado anatembea kwa muda mrefu baada ya dakika ambayo mume alisema ameuawa. Mwaka 2022 alihukumiwa miaka 65 jela. Kwetu kazi hiyo hufanywa zaidi na kumbukumbu za simu na miamala ya pesa, pamoja na jirani aliyeandika saa aliyosikia mbwa wakibweka, au ambayo hawakubweka kabisa.

"Mke hawezi kumshuhudia mume, na mtoto haaminiki"

Mwenza anaweza kutoa ushahidi dhidi ya mwenza wake. Kwa kawaida halazimishwi, na mahakama inapaswa kumweleza haki hiyo kabla hajaanza, la sivyo ushahidi wake hauhesabiwi. Lakini shtaka likihusu madhara kwa mke mwingine wa ndoa hiyo au kwa watoto wao, anaweza kulazimishwa. Na mtoto asiyezidi miaka 14, tangu mabadiliko ya sheria ya 2016, anaweza kusema bila kiapo akishaahidi mahakama kwamba atasema kweli na hatasema uongo. Basi asifundishwe na shangazi cha kusema. Ahojiwe mapema, na ofisa wa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi.

"Yalikuwa mambo ya ndoa, ukoo uliyamaliza"

Mauaji ya aina hii huwa na miezi au miaka nyuma yake. Dalili moja izingatiwe kuliko zote: kukabwa shingo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulikuta kwamba mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenza wake yuko kwenye hatari ya kuuawa naye mara 7 hivi zaidi. Kukabwa kunaweza kusiache alama nje. Sauti kukwaruza, maumivu ya kumeza na vidoa vyekundu machoni vinatosha kumpeleka hospitali usiku uleule. Kuondoka au kutaka talaka nako huongeza hatari, kwa hiyo siku ya kuhama isitangazwe kwenye kikao cha ukoo mbele ya mtuhumiwa. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenza mwenye haki ya kumchapa mwenzake.

Aliyekabwa apite Dawati, achukue PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, daktari aandike shingo ilivyoonekana, na namba ya RB, yaani ya taarifa iliyoandikishwa polisi, iandikwe mahali pawili: kwake, na kwa dada au rafiki anayekaa nyumba nyingine. Kikao cha ukoo Machame au Marangu kinaweza kuwapatanisha wawili, lakini hakiachi karatasi. Siku mtu akisema "hatukuwahi kugombana, ni majambazi tu", PF3 ya miezi sita nyuma ndiyo itakayomjibu.